Barua ya Benki Isiyotoka Benki

Mshahara wa mtumishi wa umma ni jasho lake la mwezi mzima. Mwalimu aliyesimama mbele ya darasa tangu asubuhi, karani aliyeinama juu ya majalada, na mganga aliyekesha zahanati, wote huingojea siku ile moja ya mwisho wa mwezi ambayo ujira wao huingia benki. Hawaushiki kwa mikono. Huuona kama tarakimu tu katika kioo cha simu. Ndiyo sababu mtu anayetaka kuwaibia siku hizi hana haja ya kuvunja mlango. Anachohitaji ni barua moja, iliyoandikwa kwa adabu, yenye jina na nembo ya benki yao.

Barua hiyo huletwa kwa njia ya barua pepe, na maneno yake ni ya kawaida kabisa. Humwambia mteja kwamba akaunti yake imeonekana kuwa na kasoro, au kwamba kuna fedha zake zilizoshindwa kuingia, au kwamba benki inawahakiki wateja wote na asiyejihakiki katika muda wa saa 24 atafungiwa akaunti. Chini ya maneno hayo pana kiungo cha kubonyeza. Mteja akibonyeza, hufunguka ukurasa unaofanana na ule wa benki kwa rangi, kwa nembo na kwa mpangilio. Hapo huombwa jina, namba ya akaunti, neno la siri, na pengine namba ya siri ya kadi. Akishajaza, ukurasa humshukuru. Benki yenyewe haina habari yoyote. Aliyepokea taarifa zile ni mtu mwingine, ambaye huenda yuko mtaa wa pili au bara jingine.

Wasemaji wa Kiingereza wameupa wizi huu jina lililotokana na neno la uvuvi, na hawakukosea. Mvuvi wa mshipi hamfahamu samaki atakayemnasa. Hutupa chambo majini akangoja. Tapeli naye hutuma barua maelfu kwa wakati mmoja, kwa watu asiowajua. Hata wasio na akaunti katika benki hiyo huzipata. Wengi huzipuuza. Wachache wakinasa, kazi yake ya siku imelipa.

Wako watu ambao, wakisikia habari ya mwenzao aliyeibiwa kwa njia hii, hucheka na kusema kwamba wajinga ndio waliwao. Hoja hiyo haina msingi, tena ina madhara. Anayenaswa na barua hizi mara nyingi si mjinga hata kidogo. Ni mtu aliyezoea kutii maagizo ya ofisi kubwa, anayejibu barua kwa wakati, asiyependa kuonekana mzembe. Kwa maneno mengine, ni mtumishi mwema. Tapeli hakuutegea mtego ujinga wake, aliutegea utii wake. Kwa hiyo dawa haiwezi kuwa kicheko. Dawa ni kuurudisha ule utaratibu wa ofisi ambao mtumishi huyo anaujua siku zote, lakini huusahau mara anaposhika simu yake. Na mabenki nayo yana sehemu yao ya wajibu, ambayo hayana budi kuitimiza.

IMANI ILIYOAZIMWA

Imani ya mfanyakazi wa Tanzania kwa benki haikuja kwa bahati. Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, mabenki ya kigeni yalitaifishwa, na kutokana na hatua hiyo ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Tangu hapo, hata baada ya benki hiyo kugawanywa mwaka 1997 na mabenki ya watu binafsi kuwa mengi, mtumishi wa umma ameendelea kuiona benki kuwa nyumba yenye heshima, ambayo barua yake haitupwi. Ni imani hii ambayo tapeli huiazima bila ruhusa. Hajengi jina lake mwenyewe, maana kazi hiyo ingemchukua miaka. Huvaa jina ambalo wengine wamelijenga.

Na vazi hilo ni rahisi kulipata. Utaratibu wa kupeleka barua pepe ambao ndio msingi wa ule unaotumika duniani hadi leo ulitolewa mwaka 1982 na mtaalamu wa Marekani, Jonathan Postel, wakati mtandao ulipokuwa wa vyuo vikuu na taasisi za utafiti ambazo watu wake waliaminiana. Utaratibu huo haukumtaka mtumaji athibitishe kwamba yeye ndiye. Ni sawa na bahasha ya posta: mtu yeyote aweza kuandika nyuma yake jina la mtu yeyote, na tarishi ataifikisha. Njia za kumthibitisha mtumaji ziliongezwa miaka mingi baadaye, na si kila mwenye anwani amezifunga barabara. Kwa hiyo jina la benki linapoonekana juu ya barua, hilo ni dai la mwandishi tu. Halijawa ushahidi.

Yafaa pia ieleweke kwamba wizi huu si utundu wa kijana mmoja aliyejifungia chumbani. Mwezi Oktoba 2009 makachero wa FBI wa Marekani na wenzao wa Misri walitangaza kukamilika kwa upelelezi uliowafikisha watu karibu 100 wa nchi hizo mbili kwenye mashtaka. Kundi lililokuwa Misri lilishtakiwa kwa kutuma barua pepe zilizojifanya za benki na kukusanya namba za akaunti na maneno ya siri ya wateja wa Bank of America na Wells Fargo. Kundi lililokuwa Marekani lilishtakiwa kwa kuandaa akaunti za kupokelea fedha hizo na watu wa kwenda kuzitoa. Huo ni mgawanyo wa kazi kama wa kiwanda: wa kuandika, wa kupokea, wa kutoa na wa kugawana. Kupe wa aina hii hajui mpaka wa nchi.

Wala usomi peke yake si ngao. Kati ya mwaka 2013 na 2015, raia mmoja wa Lithuania alizipelekea kampuni za Google na Facebook hati bandia za madai kwa njia ya barua pepe, akijifanya kampuni ya Taiwan iliyokuwa ikifanya nazo biashara. Kampuni hizo, zenye wahandisi wa kompyuta waliobobea, zilimlipa zaidi ya dola milioni 100 kabla hila yake haijagunduliwa. Mwaka 2019 mahakama ya New York ilimhukumu kifungo cha miaka 5.

Benki Kuu ya Bangladesh nayo iliingiliwa kwa mlango wa namna hiyo hiyo. Kwa mujibu wa mashtaka yaliyotangazwa Marekani mwaka 2018, wafanyakazi wa benki hiyo walipokea, mapema mwaka 2015, barua pepe za mtu aliyejifanya anaomba kazi, zenye kiungo cha kufungua maelezo yake. Mwezi Februari 2016 wezi waliokwisha kujipenyeza wakatoa amri za kuhamisha karibu dola milioni 951 kutoka akaunti ya benki hiyo iliyoko New York. Amri nyingi zilizuiwa, na moja ilishukiwa kwa sababu neno la Kiingereza liliandikwa kwa makosa. Hata hivyo dola milioni 81 zilifika Ufilipino, na sehemu kubwa yake ikapotelea katika kumbi za kamari. Taifa maskini liliibiwa mali ya umma, na mlango ulifunguliwa kwa barua iliyofanana na nyingine zote.

UTARATIBU WA MASIJALA

Hapa ni vema kukumbuka jinsi barua inavyopokewa katika ofisi ya Serikali inayofuata taratibu. Barua iliyoletwa na tarishi haiendi moja kwa moja kwa mkubwa wa kazi. Hupita masijala. Huko hugongwa muhuri wa tarehe, huandikwa katika daftari la barua zinazoingia, kisha hutiwa katika jalada lake. Karani hutazama kumbukumbu namba, hutazama imetoka wapi, na imetiwa sahihi na nani mwenye cheo gani. Ikihusu fedha, hudaiwa hati ya malipo, na hati hiyo hupita mikononi mwa watu zaidi ya mmoja kabla shilingi haijatoka. Mhasibu aliyelipa kwa barua isiyo na sahihi atakuwa na mengi ya kumweleza mkaguzi.

Mtu huyo huyo, jioni akiwa nyumbani, hupokea barua isiyo na kumbukumbu namba, isiyo na sahihi wala jina la mtu, naye huikabidhi funguo za mshahara wake katika dakika mbili. Hapo ndipo penye ufa. Kila mwenye simu leo ni masijala ya nafsi yake, na hana budi kuuliza maswali yale yale ambayo karani mwangalifu huyauliza.

Swali la kwanza: barua imetoka wapi? Jina linaloonekana juu lisitegemewe, maana mtumaji hujiandikia apendavyo. Isomwe anwani yenyewe. Simu nyingi huificha, lakini mtu akiligusa jina la mtumaji hutokea. Katika anwani ya barua pepe, yatazamwe yaliyo baada ya alama ya @. Katika kiungo, msomaji airuke mikwaju miwili ya mwanzo, asome mpaka mkwaju unaofuata. Maneno ya mwisho kabla ya mkwaju huo ndiyo yanayomtaja mwenye nyumba. Ichukuliwe benki ya kubuni ambayo anwani yake halisi ni benkiyakubuni.co.tz. Tapeli aweza kuandika benkiyakubuni.co.tz.uhakiki-wateja.com. Macho yenye haraka yatasoma mwanzo na kuridhika. Lakini mwenye nyumba hiyo ni uhakiki-wateja.com, na maneno yaliyotangulia ni pambo la mlangoni ambalo yeyote aweza kujichagulia. Zipo na hila nyingine za macho: herufi r na n zikikaribiana husomeka kama m, tarakimu 1 hukaa mahali pa herufi l, na sifuri mahali pa herufi o. Mwalimu anayesahihisha madaftari arobaini kwa siku hashindwi kuona makosa ya namna hii. Tatizo ni kwamba hatazami.

Swali la pili: barua inataka nini? Benki tayari inazo taarifa za mteja wake, na namba ya siri ya kadi haimhusu mfanyakazi yeyote wa benki. Kwa hiyo barua inayoomba namba ya siri au neno la siri ni ya uongo, hata ingekuwa na mihuri kumi. Hapa hapana mjadala wala hapana haja ya utaalamu.

Hali kadhalika ile namba ya kutumika mara moja, ambayo benki humtumia mteja kwa simu anapofanya malipo. Wengi hudhani kwamba namba hiyo inawalinda kwa vyovyote. Lakini tapeli wa leo hukaa nyuma ya ukurasa wake wa bandia akisubiri. Mteja akiandika neno la siri, tapeli huliingiza pale pale katika tovuti halisi ya benki. Benki, ikidhani anayeingia ni mteja wake, humtumia mteja ile namba. Ukurasa wa bandia nao unamwomba aiandike, naye anaiandika. Kufuli ilikuwa imara, bali mwenye nyumba amemfungulia mwizi kwa mkono wake. Ujumbe wenye namba hiyo mara nyingi hueleza kwamba ni ya kazi gani. Basi usomwe wote kabla namba haijaandikwa popote.

Swali la tatu: haraka hii ni ya nani? Ofisi ya kweli ikitaka jambo kwa mteja humpa muda na kumwonyesha mahali pa kwenda. Tapeli hutoa saa kwa sababu muda ni adui yake. Mteja akipata muda atamwuliza mwenzake, atapiga simu benki, atalala aamke na akili tulivu. Kwa hiyo kitisho cha kufungiwa akaunti leo hii, au zawadi itakayopotea kabla ya jua kutua, hicho chenyewe ni dalili. Haraka haraka haina baraka, na katika mambo ya fedha haraka ina mwenyewe.

Swali la nne: ukweli utathibitishwa kwa njia gani? Karani akiishuku barua hamwulizi aliyeileta. Huwasiliana na ofisi inayodaiwa kuiandika, kwa anwani iliyomo katika kumbukumbu zake mwenyewe. Ndivyo hivyo hivyo hapa. Namba ya simu iliyoandikwa ndani ya barua ya tapeli itapokelewa na tapeli, tena kwa sauti ya upole. Mteja atumie namba iliyochapishwa nyuma ya kadi yake, au aandike mwenyewe anwani ya benki anayoijua, au aende dirishani katika tawi lake. Mtu akishika kanuni hii moja tu, ya kutoijibu barua kwa njia iliyoletwa na barua, mtego karibu wote utakuwa bure.

Zipo na dalili mbili ambazo zamani zilisaidia, nazo sasa hazitoshi. Ya kwanza ni makosa ya lugha. Kwa miaka mingi barua ya tapeli ilijulikana kwa sarufi yake mbovu. Lakini tangu mwishoni mwa mwaka 2022, programu za akili unde zenye uwezo wa kuandika zilipowafikia watu wote, hata tapeli asiyejua Kiswahili aweza kupata barua iliyonyooka. Ya pili ni alama ndogo ya kufuli inayoonekana kando ya anwani ya tovuti. Alama hiyo huonyesha kwamba mawasiliano kati ya simu na tovuti yamefichwa yasisomwe njiani. Haisemi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu, na hati ya kuipata hutolewa hata bure. Mwizi naye anaweza kuweka kufuli katika nyumba yake.

WAJIBU WA MABENKI

Ingekuwa dhuluma kumtwika mteja mzigo wote huu peke yake. Mwalimu wa kijijini mwenye vipindi thelathini kwa wiki hakuajiriwa kuwa mpelelezi wa anwani. Benki inapata faida kutokana na fedha za mteja, na inawatumia wataalamu wa kulipwa. Haki inadai kwamba mwenye uwezo mkubwa zaidi abebe sehemu kubwa zaidi.

Mfano mzuri umetoka Singapore. Mwezi Desemba 2021 wateja wa benki ya OCBC ya nchi hiyo walianza kupokea kwa wingi ujumbe wa simu uliojifanya wa benki yao. Kwa kuwa jina la mtumaji lilikuwa limeghushiwa, ujumbe huo ulikaa katika mfululizo ule ule wa ujumbe halisi wa benki. Wateja wapatao 790 walipoteza jumla ya dola za Singapore milioni 13.7. Benki iliamua kuwarudishia fedha zao. Lakini lenye maana zaidi ni lililofuata. Mwezi Januari 2022 Mamlaka ya Fedha ya Singapore na chama cha mabenki cha nchi hiyo walitangaza kwamba mabenki yataondoa viungo vya kubonyeza katika barua pepe na ujumbe wa simu unaokwenda kwa wateja wa kawaida. Aidha, kifaa kipya cha kuthibitishia malipo hakitaanza kufanya kazi mpaka zipite saa zisizopungua 12, ili mteja aliyeibiwa apate nafasi ya kushtuka.

Hatua ya viungo inastahili kuigwa kila mahali, maana inagusa mzizi. Benki inayomwonya mteja leo kwamba asibonyeze viungo, kisha kesho ikamtumia tangazo la mkopo lenye kiungo cha kubonyeza, inabomoa kwa mkono wa kushoto kilichojengwa na mkono wa kulia. Inamzoesha mteja tabia ile ile ambayo tapeli anaihitaji. Lakini siku mteja atakapojua kwamba benki yake haitumi kiungo kamwe, kila kiungo chenye jina la benki kitakuwa kimejishtaki chenyewe.

Jambo la pili ni mihuri ya anwani. Zipo njia za kitaalamu zinazoiwezesha benki kutangaza kwamba barua yoyote yenye anwani yake isiyopitia mitambo iliyoruhusiwa ikataliwe. Tangu Februari 2024 kampuni za Google na Yahoo zinawadai wanaotuma barua nyingi kwa siku wawe wamefunga mihuri ya namna hiyo. Mihuri haimzuii tapeli anayetumia anwani inayofanana na ya benki, lakini inamzuia kuitumia ile yenyewe. Benki isiyoifunga barabara imeacha dirisha wazi katika nyumba ya watu.

Jambo la tatu ni fidia. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024 Uingereza inayataka mabenki, kwa masharti maalumu, kumrudishia mteja fedha alizohadaiwa akazihamishia mwenyewe kwa tapeli, hadi pauni 85,000. Gharama hugawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotoa fedha na benki iliyozipokea. Wapo watakaosema kwamba fidia itawafanya wateja wawe wazembe. Lakini hakuna mtu anayetamani kuibiwa ili apate usumbufu wa kudai. Kinyume chake, benki inayojua kwamba italipa itaziangalia kwa makini zaidi akaunti zinazofunguliwa leo, kujazwa kesho na kukombwa keshokutwa. Bila akaunti za namna hiyo tapeli hana mahali pa kuupokelea wizi wake. Si lazima kila nchi ichukue sheria ya Uingereza neno kwa neno. Yafaa kuchukua msingi wake: kwamba hasara ya wizi huu isimwangukie mnyonge peke yake.

KIMYA HUMSAIDIA MWIZI

Mtumishi aliyeibiwa kwa barua ya uongo hupatwa na hasara mbili: ya fedha na ya heshima. Mwalimu mkuu huona haya kuwaambia walimu walio chini yake. Mhasibu huogopa kuonekana hafai kazi. Kwa hiyo wengi hunyamaza, na kimya chao humpa tapeli nafasi ya kuutumia mtego ule ule kwa jirani. Kicheko cha wenzake ndicho kinacholea kimya hicho. Katika shule au ofisi ambayo aliyeibiwa husikilizwa badala ya kuchekwa, barua ya tapeli itafanya kazi mara moja tu.

Aliyekwisha kunaswa afanye haya bila kupoteza dakika. Kwanza aipigie simu benki yake ili akaunti na kadi zizuiwe, kwa kuwa fedha zikihamishwa mara mbili au tatu kuzirudisha ni kazi ngumu. Pili abadilishe neno la siri la benki na la barua pepe; na kama alikuwa akilitumia neno hilo hilo kwingine, alibadilishe huko pia. Tatu aihifadhi barua ile, asiifute, maana ni ushahidi. Nne atoe taarifa polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeutaja ulaghai, kughushi na kujifanya mtu mwingine kwa njia ya kompyuta kuwa ni makosa ya jinai. Nazo namba za simu na ujumbe wa kitapeli, kama ule uliozoeleka wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", hupelekwa kwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Viongozi nao wajitazame. Siku hizi maagizo mengi hupita katika makundi ya WhatsApp ya watumishi. Mkuu wa shule au wa idara akipeleka humo kiungo asichokihakiki, kiungo hicho hupata cheo chake. Walio chini yake hawataishuku barua iliyoletwa na mkubwa wao, hata kama yeye mwenyewe ameipokea kutoka kwa asiyemjua. Cheo ni dhamana, na dhamana hiyo sasa inaingia hadi katika kidole kinachopeleka ujumbe.

KISOMO CHA ZAMA HIZI

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Walimu, pamoja na watu wa kujitolea, waliwafundisha wazee na akina mama kusoma chini ya miembe, katika madarasa yaliyoitwa ya ngumbaru. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya wananchi katika vikundi vilivyosikiliza redio, vikajadiliana, kisha vikaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Mojawapo ya sababu za kisomo kile ilikuwa kumwezesha mkulima kuisoma mwenyewe stakabadhi ya mazao yake, asidhulumiwe na karani wa mizani. Mwenye kujua kusoma hakuweza tena kuambiwa kwamba karatasi inasema jambo ambalo haisemi.

Hali imerudi pale pale kwa sura nyingine. Wako watu wenye vyeti na shahada ambao, mbele ya anwani ya tovuti, hawajui kusoma. Kuwafundisha hakuhitaji majengo mapya wala wataalamu kutoka nje. Kunahitaji robo saa katika kikao cha walimu, katika mkutano wa wafanyakazi au wa tawi la Chama. Ichukuliwe barua moja ya uongo iliyopokewa na mwenzao, isomwe mbele ya wote, na maswali yale manne yaulizwe moja baada ya jingine. Mwalimu akitoka hapo atawafundisha wanafunzi wake wa sekondari, nao watawafundisha wazazi wao waliouza korosho au pamba na kulipwa kupitia benki na simu.

Shilingi inayoibiwa kwa barua ya uongo ni ada ya mtoto, ni bati la nyumba isiyokwisha, ni akiba ya mzee aliyetumikia taifa miaka thelathini. Kuilinda ni sehemu ya kulinda heshima ya kazi. Mtumishi aliyejifunza kudai kumbukumbu namba na sahihi katika kila barua ya ofisi hana sababu ya kuinamia barua isiyo na mwenyewe. Aisome mara mbili, aulize benki yake kwa njia anayoijua, kisha amwonyeshe na jirani yake kabla naye hajaipokea.